Majina Yaliyotajwa Ghalani Mkangwe

Risala ya wanakijiji wa Mkangwe kwa Mgeni Rasmi, siku ya kufunua bamba la kumbukumbu, Julai 1976. Inasomwa na Ndugu Marta Kikoti.

KUKUKARIBISHA

Mgeni Rasmi, viongozi uliofuatana nao, na wewe Ndugu Andendekisye, Afisa Utamaduni, ambaye tunakufahamu kuliko unavyotufahamu: kamwene. Karibuni Mkangwe. Chakula kipo, ugali wa ulezi na kuku. Ulanzi, pombe yetu ya mianzi, msimu wake umekwisha, mtatusamehe kwa hilo.

Tuna jambo jingine la kuomba radhi. Karatasi uliyoishika mkononi, ile ambayo Katibu Kata alitutaka tuipeleke wiki mbili kabla ili isomwe kwanza, siyo hii anayoisoma Marta. Usihangaike kufuatisha mistari. Ile ina aya ya mahindi, aya ya kisima na aya ya shukrani, na yaliyomo yote ni kweli. Lakini ile tuliiandika kwa ajili ya daftari. Hii tumeiandika kwa ajili yako, ukikubali kuisikiliza mpaka mwisho. Ndugu Katibu Kata, tunakuomba uketi. Mgeni Rasmi, yeye hakujua, asilaumiwe.

Tuseme na hili mapema. Hatujui umekuja kufanya nini. Tumeambiwa umekuja kuvuta kitambaa. Watu hawatoki wilayani na magari matatu, wakapanda mlima huu wa mawe, kuja kuvuta kitambaa tu. Kwa hiyo ukituona tumekaa mbali na viti vyako, na akina mama wameshika mikono ya watoto, si utovu wa adabu. Tunakutazama.

HISTORIA YA MAHALI HAPA

Hatutasoma historia ya kijiji chote. Tutasoma ya mtu mmoja, kwa kuwa ndiye peke yake aliyeiona.

Yule bibi aliyekaa kwenye kigoda karibu na mlango wa shule ni Bibi Rozalia. Usimtazame sana, hapendi. Mwaka 1917 alikuwa na umri wa miaka kama tisa. Vita vya wazungu vilikuwa vimefika huku. Jeshi moja lilipita likirudi nyuma, na jingine likaja likilifuata. Yote mawili yalihitaji migongo ya kubeba mizigo. Baba yake Rozalia alichukuliwa na jeshi la kwanza, hakurudi. Alibaki kaka yake, kijana ambaye ndevu ndiyo kwanza zilikuwa zinaanza. Mama yao alimficha kwenye mianzi nyuma ya zizi, akamwambia Rozalia: "Ukiulizwa, huna kaka. Umesikia? Huna, na hukuwahi kuwa naye."

Siku moja mama alipokuwa kisimani, alifika karani. Askari wawili walibaki mbali, yeye akaja peke yake, amevaa kanzu safi, daftari kwapani. Hakuwa na fimbo. Alichuchumaa kama mjomba.

"Kamwene, mwanangu."

"Kamwene."

"Baba yuko?"

"Alichukuliwa."

"Poleni sana. Na kaka?"

"Sina kaka."

Karani hakukasirika. Alifungua kifurushi cha jani la mgomba, akamwekea Rozalia punje za chumvi kiganjani. Mtu ambaye hakuishi miaka ile hawezi kujua chumvi ilikuwa nini. Walikuwa wakila majivu ya nyasi, yaliyochujwa. Rozalia alilamba, ulimi ukamtetemeka.

"Hiyo ni yako," karani akasema. "Ya kaka yako ninayo hapa, fungu kubwa. Tatizo nimesahau jina lake, nisije nikampa mtu mwingine. Anaitwa nani vile?"

Rozalia akalitaja. Aliona kalamu ikitembea kwenye karatasi, akadhani jina la kaka yake limepata heshima.

Karani akainuka, akajipangusa kanzu, akaenda mpaka kwenye mianzi. Hakupiga kelele za kijeshi. Aliita taratibu, kwa lugha yetu, kwa jina lile, kama anavyoita mtu wa nyumbani: "Toka upesi, mama yako ameanguka kisimani." Kijana akatoka mbio, magoti yana matope, anauliza, "Yuko wapi? Ameumia?" Askari wakamfunga kamba shingoni, yeye na mwenzake aliyekamatwa asubuhi.

Mama alirudi na mtungi mmoja kichwani, akakuta mtoto mmoja nyumbani, ana chumvi mdomoni. Hakumpiga. Bibi Rozalia anasema mpaka leo angependa kama angepigwa.

Palipo na bamba lako, Mgeni Rasmi, palikuwa na ghala la nyasi ambamo jeshi liliweka mahindi yaliyochangishwa. Mahindi yalipokwisha waliwekwa watu. Walikuwa kumi na tisa, wapagazi wasioweza tena kubeba, wengine wanaharisha damu, wengine nyayo zimeoza. Kaka yake Rozalia alibebeshwa masanduku kwa wiki tatu, akarudishwa hapohapo nyumbani miguu ikiwa imevimba kama magogo, akaingizwa humo. Akina mama waliruhusiwa kupeleka uji. Siku sita mama na Rozalia walipeleka uji, wakaupitisha chini ya mlango.

Siku ya saba asubuhi ikasikika mizinga upande wa mtoni. Jeshi la pili lilikuwa limekaribia. Askari wakafunga mizigo haraka. Walikuwa weusi kama sisi, na bwana wao mweupe mmoja. Kwenye bamba imeandikwa kuwa walikuwa Wajerumani. Huenda. Bibi Rozalia hajui, na aliyeandika hakumuuliza. Anachojua ni kwamba kuwabeba wagonjwa ilikuwa kazi, na kuwaacha hai ilikuwa kumwachia adui wapagazi. Waliegemeza gogo mlangoni. Wakatia moto kwenye paa.

Rozalia na mama yake walikuwa ndani ya shamba la mahindi, hatua sitini, chungu cha uji kimepasuka miguuni. Mama alimziba mdomo kwa kiganja. Hakumziba macho wala masikio. Mikono ni miwili tu, na wa pili ulikuwa umemkumbatia asikimbie.

Tunaomba usikilize hapa, maana ndicho tulichokuitia. Watu wale hawakulia kwa kuomba. Mwanzoni walilia, ndiyo, halafu mmoja akapiga kelele jina lake. Jina lake na la baba yake. Akafuata wa pili. Walijua wameletwa kutoka vijiji mbalimbali, na kwamba jivu halina sura. Walijua kuna watu kwenye mahindi, kwa sababu uji ulikuwa unakuja kila asubuhi saa ileile. Kila mmoja akataja jina lake mwenyewe kwa nguvu alizokuwa nazo, ili walioko nje wajue nani yumo ndani. Kumi na tisa. La kaka yake Rozalia lilikuwa la kumi na moja. Alilitaja mara mbili.

MAFANIKIO

Tumefanikiwa kunyamaza kwa miaka hamsini na tisa.

Hatusemi kwa mzaha. Tangu mwaka ule, mtoto akizaliwa Mkangwe, shangazi humpa majina mawili. La kwanza ni la nyumbani. La pili ni la daftari, la kumpa mtu yeyote anayekuja na kalamu. Mtoza kodi alipewa la daftari. Padri alipewa la daftari, na mchungaji vilevile. Jina la Rozalia ni la daftari. La nyumbani analo, lakini halitasomwa leo. Wazee wetu hawakuwa wajinga. Walikuwa wameona jina likitumika kama chambo, wakaamua hawatakitia tena mkononi mwa mvuvi wasiyemjua.

Na majina ya wale kumi na tisa hayakuandikwa mahali popote. Yalikaa mdomoni. Kila mwaka, baada ya mavuno, mama yake Rozalia alipalilia mahali pa ghala, akayataja kwa mpangilio uleule yaliyotoka, la kwanza mpaka la kumi na tisa. Alipokufa, akaendelea Rozalia. Familia za vijiji vingine zilizopotelewa zilikuwa zikija kimyakimya kusikiliza, zikisikia la kwao zinatikisa kichwa, zinaondoka. Mwanamke mmoja alitembea kutoka upande wa Usangu siku tatu. Aliposikia jina la tano alikaa chini, akasema tu, "Basi sasa nitaweza kumkasirikia mtu mwingine. Nilidhani ametukimbia."

Hayo ndiyo mafanikio. Shule, kisima na mahindi viko kwenye ile karatasi nyingine.

MATATIZO

Tatizo la kwanza ni la mwaka 1974. Wewe unalijua kwa jina la mpango wa kuhamia vijijini, sisi tunalijua kwa jina la Tekla.

Mwezi wa tisa walikuja watu wenye daftari. Walikuwa wapole. Walihesabu nyumba, wakauliza nani analala wapi. Wiki tatu baadaye yakaja magari. Hatusemi nani aliamuru, na wala hatukatai kwamba shule tuliyojengewa kwenye mistari ya nyumba mpya ni nzuri. Tunasema tu kwamba paa ziliwashwa moto ili tusirudi, na kwamba Bibi Rozalia aliona nyasi zikiwaka kwa mara ya pili katika maisha yake. Hakulia. Aliuliza, "Watu wote wametoka ndani? Mmehesabu?" Akauliza hivyo nyumba kwa nyumba mpaka askari mgambo mmoja akamwambia, "Bibi, tulia, hakuna mtu humo." Akamjibu, "Hata wale wenzako walisema ni ghala tu."

Tekla alikuwa mjukuu wake. Alikuwa na mimba ya miezi minane. Alishushwa kwenye gari hapa tunapokaa, jirani na palipokuwa ghala, wakati huo hapakuwa na nyumba, ni vigingi tu, na mvua ya kwanza ikaanza siku ileile. Alijifungua chini ya turubai siku ya nne. Mtoto hakulia. Tekla alifuata asubuhi. Mzee Silvester, jirani yake, alifariki wiki hiyohiyo kwa kifua.

Tekla ndiye aliyekuwa akifundishwa majina. Alikuwa amefika la kumi na nne. Wakichambua maharage, bibi anataja, mjukuu anarudia, akikosea wanaanza tena la kwanza. Mume wa Tekla anasema alikuwa akiyataja usingizini. Ni mtu mwenye kusoma, yeye, na hakutaka jina lake litajwe humu. Alituambia kwamba alikuwa akimsikia usiku na hakuwahi kutega sikio. Alidhani kuna miaka mingi. Hilo ndilo analojuta.

Tatizo la pili tulilitengeneza wenyewe.

Mwaka jana, mwezi wa nane, Ndugu Andendekisye alikuja na gari la serikali na daftari lenye jalada jekundu. Alikuwa mpole, na hapo ndipo tulipoogopa. Alikaa nyumbani kwa Mzee Kasian, akala, akasifu, akasema amesikia habari za ghala na anataka majina ya wahanga yasipotee.

"Utayafanyia nini?" Mzee Kasian akamwuliza.

"Tutayachonga kwenye jiwe, mzee wangu. Vizazi vijavyo viyasome."

"Jiwe la nani?"

"La taifa."

Wote waliokuwa pale walitazamana. Ilikuwa bado hata mwaka haujaisha tangu lile daftari la kuhesabu nyumba. Bibi Rozalia alikuwa amekaa pembeni. Akajifanya kiziwi. Ndugu Andendekisye, utakumbuka, ulimwinamia ukapiga kelele sikioni, "BIBI, ULIKUWEPO?" naye akakujibu, "Eh, kuku wapo, chagua tu." Ulichukua jogoo ukashukuru. Mgeni Rasmi, bibi huyu anasikia panya akitembea juu ya dari.

Wengine walijitolea kumsaidia afisa huyu. Kila mmoja alitoa jina lililomjia. Mmoja alitoa la babu yake aliyekufa kitandani. Mwingine alitoa jina la mlima. Ndugu Andendekisye aliandika yote kumi na tisa kwa mwandiko mzuri, akafunga daftari, akasema, "Asanteni, ndugu zangu, sasa historia haitapotea." Alipoondoka tulicheka mpaka tukashika mbavu. Tulidhani tumewaokoa watu wetu.

Wiki iliyopita bamba lililetwa kwa lori kutoka Mbeya, marumaru nyeupe, herufi zimechongwa na kupakwa rangi nyeusi. Kabla halijafunikwa, mwalimu Evarista aliwapanga watoto walisome kwa sauti. Walipofika jina la nne watu wakaangua kicheko. Mgeni Rasmi, ukivuta kitambaa utaona jina la nne ni Madodi. Madodi ni maksai wa Mzee Kasian. Yuko hai. Ndiye aliyevuta mkokoteni wa mchanga wa kujengea msingi wa bamba hili.

Bibi Rozalia alitoka nje akauliza, "Mnacheka nini?" Hakuna aliyetaka kumwambia. Hajui kusoma. Akamshika Marta, huyu anayesoma hapa, akamwambia, "Nisomee wewe. Yote."

Marta alimsomea yote. Bibi alisikiliza kichwa kimeinama, vidole vikihesabu kwenye goti, kama afanyavyo siku ya kupalilia. Kidole kikisubiri jina, linakuja jingine. Mpaka la kumi na tisa.

"Sikusikia hata mmoja," akasema. "Nani kawapa haya?"

"Sisi, bibi."

"Mlidhani anataka nini yule kijana?"

"Tulidhani anataka watu."

Alikohoa muda mrefu. Halafu akasema, "Wale walipiga kelele ili waandikwe mahali. Mimi niliwaweka mdomoni tu kwa sababu ya woga wangu. Sasa nyie mmewawekea ng'ombe."

Jumapili tulifanya mkutano. Haukuwa mkutano wa heshima. Mzee Kasian alisema, "Tuwaache wavute kitambaa chao, wale kuku, waende. Jiwe ni lao, mdomo ni wetu. Mkisema tulidanganya, watauliza na kadi za chama tumeandikisha majina gani."

Marta akamjibu, "Na kila mwaka wakija na bendi kuweka maua, mzee, utamleta Madodi akae mstari wa mbele?"

"We mtoto, chunga mdomo wako."

"Nauchunga, baba. Ila bibi kifua chake unakisikia. Akiondoka, kitakachobaki Mkangwe ni hilo jiwe. Wajukuu wako watamlilia maksai."

Watu walicheka, kisha hakuna aliyecheka. Mzee Kasian alivua kofia akaikunja. Akasema, "Nilifikiri akija kumkamata Madodi atamkuta zizini." Alikuwa analia. Baba yake mdogo ni mmoja wa wale kumi na tisa. Jina lake la kweli Mzee Kasian analijua, analisikia kila mwaka likitajwa. Alipoulizwa na mtu mwenye daftari, mdomo wake ulikataa kulitoa.

Tatizo la tatu ni vigingi. Wiki mbili zilizopita walikuja wapima ardhi, wakapigilia vigingi vyenye kitambaa chekundu kuzunguka msingi wa bamba. Tulipouliza tukaambiwa ni uzio wa kumbukumbu. Tumetembea ndani yake tukahesabu hatua. Huo uzio, Mgeni Rasmi, unameza nyumba kumi na moja, pamoja na nusu ya shamba la shule. Wafu kumi na tisa hawahitaji nafasi hiyo. Ghala lenyewe halikufika hatua kumi na tano. Kwa hiyo tunauliza mbele ya watu wote: mnawakumbuka wale ili kututoa sisi? Tukikosea tutaomba radhi. Tumeshakosea mara moja kwa kudhania vibaya, tunakiri. Lakini mara ya kwanza kabisa, ile ya chumvi, kosa lilikuwa la kutokudhania.

MAOMBI

La kwanza. Tunaomba kitambaa kisivutwe leo. Tunajua picha imepangwa, na mpiga picha ametoka Iringa mjini na vifaa vyake. Apige picha ya bamba likiwa limefunikwa. Kosa ni letu, Ndugu Andendekisye hana hatia, tunakuomba asipoteze kazi kwa ajili ya maksai wetu. Yeye peke yake ndiye aliyewahi kuja kuuliza.

La pili. Yale maneno "mashujaa waliokufa wakipigana" yafutwe. Hawakupigana. Walibeba masanduku ya watu wengine mpaka miguu ikaoza, wakafungiwa, wakachomwa. Kuwaita wapiganaji ni kumpunguzia mzigo aliyewasha moto. Na kama haijulikani jeshi lilikuwa la nani, iandikwe hivyo, kwamba haijulikani.

La tatu. Tupewe neno lako kuhusu vigingi, kwa maandishi, lenye sahihi yako. Safari hii daftari tulishike sisi.

La nne. Chini ya majina kumi na tisa iachwe nafasi ya mistari mitatu. Hatuombi maelezo yoyote yaandikwe hapo. Ni Tekla, mtoto wake ambaye hakuwahi kupewa jina la nyumbani wala la daftari, na Mzee Silvester. Hatufananishi moto na moto. Bibi Rozalia mwenyewe anasema haikuwa sawa, mwaka 1974 watu walitolewa ndani kwanza. Lakini alihesabu, na hesabu yake haikutimia. Kama nafasi hiyo haiwezekani, tuambiwe hapahapa, tusiambiwe kwamba italetwa kwenye vikao.

La tano ndilo kubwa. Bibi Rozalia amekubali kuyataja. Ametupa masharti, na hatukuruhusiwa kuyapunguza.

Kalamu zote ziwekwe chini. Atayataja kwa mdomo, kama alivyoyapokea, na kila jina akilitaja, wewe Mgeni Rasmi utalirudia, na sisi tutalirudia nyuma yako. Ukikosea ataanza tena la kwanza. Alimfanyia Tekla hivyo, na wewe hatakubadilishia. Yakirudiwa yote bila kosa, ndipo mchongaji aitwe.

Tulimwuliza kama ana hakika. Tulimwambia wewe bado hatukufahamu, na kwamba magari ni matatu. Akasema, "Mimi pia simwamini. Karani naye alikuwa na uso mzuri. Lakini nikiogopa uso wa huyu, nitakufa nao wote kumi na tisa kifuani, na hapo mlango nitakuwa nimeufunga mimi." Halafu akamgeukia mume wa Tekla aliyekuwa na karatasi magotini, akasema, "Andika moja. La kaka yangu. Hilo lilishawahi kuandikwa, na niliyelitoa ni mimi, kwa chumvi. Nataka leo nilitoe bure."

Mume wa Tekla aliliandika, mbele yake. Ni hili linalosomwa sasa, la kumi na moja katika mpangilio, jina la nyumbani la kwanza kupanda juu ya karatasi kwa hiari ya mtu wa Mkangwe tangu vita vile.

Aliitwa Mgovano.

Mgeni Rasmi, kabla ya kutupa mkono, kabla ya hotuba yako, tunakuomba usimame ulitamke kwa sauti. Bibi Rozalia amekugeuzia sikio lake zuri.

Mungu akurudishe salama kwa watu wanaojua jina lako, awape pumziko waliotaja yao wakiwa ndani ya moto, na amlinde kila atakayeyasikia hapa leo akayabeba kwenda kwao.

Ni sisi tuliobaki,
Wanakijiji wa Mkangwe.